"Apewe 15": saruji, kibali na bei ya serikali

Fundi alinipigia kabla sijanywa chai. "Bosi, ile hela ya jana haitoshi. Saruji imepanda tena." Tulikuwa tumefika usawa wa linta. Mbao zimeshapigwa, nondo zimeshasukwa, saidia fundi wawili wamekaa juu ya tofali wanasubiri. Ndani ya wiki mbili kila mfuko ulikuwa umeongezeka karibu shilingi elfu tatu, na mwenye duka hakutaka kupokea oda ya wiki ijayo kwa bei ya leo.

Hiyo ilikuwa Novemba 2020. Malalamiko yalikuwa ya nchi nzima, na walio mbali na viwanda ndio walioumia zaidi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa ndiyo kwanza ameapishwa tena baada ya uchaguzi wa Oktoba, aliagiza wakuu wa mikoa wafuatilie kwa nini bei imepanda na watoe taarifa. Kijiweni kwetu, mbele ya duka lilelile la vifaa vya ujenzi, hukumu ilitoka haraka kuliko ya serikali: wapangiwe bei, atakayezidisha afutiwe leseni. Niliitikia kwa kichwa kama wenzangu. Halafu nikalikumbuka faili la baba.

Ni faili la kaki lililofungwa kwa kamba ya kiatu, na juu limeandikwa NYUMBA kwa herufi kubwa. Lilinifikia tulipokuwa tukitafuta nyaraka za kiwanja. Ndani kuna barua kumi na moja, nyingi nakala za kaboni zilizofifia mpaka unazisoma kwa kuziinamisha kwenye mwanga. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mmoja wa reli ya kati. Barua ya kwanza ni ya Februari 1981: "YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA SARUJI MIFUKO 80." Anaeleza kwa adabu zote kwamba ana kiwanja kilichopimwa, ana familia ya watu saba, na anaomba afikiriwe.

Barua ilipita kwa mwenyekiti wa tawi la chama, akathibitisha kwamba mwombaji ni mkazi na hana nyumba nyingine. Ikapita kwa mwalimu mkuu. Ikafika kwa afisa biashara. Pembeni, kwa wino mwekundu, mtu ameandika maneno mawili: "Apewe 15." Sababu haikuandikwa. Mifuko themanini ikawa kumi na mitano, kana kwamba nyumba nayo ingekubali kupungua kwa kiasi hichohicho.

Na kibali hakikuwa saruji bado, kilikuwa ruhusa ya kwenda kuulizia saruji. Nyuma ya karatasi ileile kuna maandishi ya watu tofauti wa ghala: "Mzigo haujafika," Aprili. "Mzigo haujafika," Juni. Agosti mabehewa yaliingia, foleni ikaanza usiku, na baba akatoka na mifuko tisa. Sita iliyobaki ya kibali chake haikuwahi kutolewa. Kati ya ile tisa, mwenyewe ameandika kwa kalamu ya risasi: "2 mawe." Yaani ilikuwa imeshaganda ghalani au njiani. Mifuko hiyo miwili hakuitupa. Aliichimbia nyuma ya nyumba ikawa ngazi ya mlango wa jikoni, na mpaka leo ukikanyaga pale unaiona mikunjo ya karatasi ilivyojichora kwenye jiwe.

Kinachonishangaza kila nikilifungua faili hili ni kwamba hela haikuwa shida. Kwa bei iliyobandikwa ukutani, mwalimu wa wakati ule aliyebana matumizi aliweza kununua mifuko themanini. Bei ilikuwa rafiki yake kabisa. Ila haikumfikisha popote, kwa sababu kwa bei hiyo kila mtu alikuwa mteja na ghala lilikuwa tupu. Nje ya ghala ilikuwepo bei nyingine, ile iliyoitwa bei ya kuruka. Baba anasema ilikuwa mara tatu ya bei halali, na siku za mvua, watu wanapokimbizana kumaliza kuta, ilizidi hapo. Alimfahamu mtu aliyepata kibali cha mifuko mia bila kuwa na hata kiwanja. Hakwenda ghalani. Aliiuza karatasi yenyewe.

Hapo ndipo mjadala wa bei unapopotoshwa mara nyingi, hata na watu wenye nia njema. Tunadhani bei ikishushwa kwa amri, ile tofauti inarudi mfukoni kwa mnunuzi. Kwenye kisa cha baba tofauti ile haikurudi kwake hata senti. Ilikwenda kwa mwenye kalamu nyekundu, kwa mwenye funguo za ghala, kwa mwenye karatasi ya mifuko mia, na nyingine ikayeyuka tu kwenye siku za kazi alizopoteza akipanga foleni huku darasa la nne halina mwalimu. Bei halisi aliilipa. Hakuilipa kwa shilingi, basi.

Tusiwatukane waliotunga utaratibu ule. Sheria ya kudhibiti bei ilipitishwa mwaka 1973, na chini yake ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Mafuta yalikuwa yanapanda duniani, ukame unanyemelea, na biashara ya jumla nyingi ilikuwa imeshaingizwa kwenye mashirika ya umma yaliyokuwa peke yake sokoni. Shirika lisilo na mpinzani likiachiwa bei, litajipangia linavyotaka. Vivyo hivyo mwenye lori moja katika wilaya isiyo na lori la pili. Kudhibiti bei, kwa mazingira yale, hakukuwa wazimu. Tatizo lilianza utaratibu ulipokua. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 tume ilikuwa na bidhaa zinazokaribia 3,000 za kupangia bei, kuanzia vibiriti hadi vipuri vya magari. Wachumi wachache katika ofisi moja Dar es Salaam walitakiwa kujua gharama halisi ya kila kitu kinachouzwa nchini.

Bei ilipangwa hivi: kiwanda kinapeleka hesabu za gharama zake, tume inazikagua, inaongeza faida ya kiasi, inatangaza. Inasikika kama haki, lakini angalia inachofanya. Meneja anayebana mafuta ya tanuru hapati chochote, kwa sababu gharama zikishuka bei nayo itashushwa. Meneja mzembe anarudishiwa uzembe wake kwenye bei mpya. Na katikati ya kupeleka hesabu na kupata jibu inapita miezi. Mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 mwaka 1980 na ukapita hapo mwaka 1984. Bei iliyokubaliwa leo kwa hesabu za mwaka jana imeshachakaa kabla ya tangazo kukauka wino.

Saruji iliumizwa na hili kuliko sabuni au vibiriti. Tanuru lake linataka joto la nyuzi 1,450 hivi, na huwezi kuliwasha asubuhi ukalizima jioni kama jiko la mkaa. Linakula mafuta mazito, umeme na vipuri, na karibu vyote hivyo vililipiwa kwa fedha za kigeni. Kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kimeanza mwaka 1966, cha Tanga kikafuata 1980, cha Mbeya 1983. Kwa pamoja vilijengwa kutoa zaidi kidogo ya tani milioni 1.2 kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1980 vilikuwa vinatoa chini ya nusu ya hapo. Sasa nitakuwa mwongo nikisema Tume ya Bei ndiyo iliyozima matanuru. Yalizimwa na ukosefu wa dola baada ya mafuta kupanda tena 1979, na baada ya vita vya Kagera vilivyokomba hazina. Tume ilichofanya ni kuhakikisha kwamba kile kidogo kilichotoka hakikwenda kwa anayekihitaji zaidi, na kwamba kiwanda hakibaki na cha kununulia kipuri.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliiona foleni hii ikija, ila aliisoma kwa namna yake. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu wananchi wanaokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wanaokaa wakingoja bati na "udongo Ulaya", jina ambalo wazee waliipa saruji. Aliuona kuwa ni ugonjwa wa fikra. Nusu ya lawama hiyo naikubali. Udongo wa kuchoma ulikuwepo, kuni zilikuwepo, na mafundi wa tanuru la matofali walikuwepo vijijini tangu enzi za misheni. Nusu ya pili siikubali. Bei ya saruji iliyobandikwa ilikuwa inawaambia watu kwamba saruji ni rahisi na ipo, kwa hiyo wakangoja. Laiti bei ingewaambia ukweli kwamba kitu hiki ni adimu mno, wengi wangekwenda kwenye tofali la kuchoma bila kuhubiriwa na rais.

Baba aliishia hukohuko, kwa kulazimika. Kuta za nyumba yetu ni matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo wa kichuguu. Ile mifuko saba iliyokuwa mizima aliigawa kama dawa: minne kwenye msingi, mmoja kwenye linta za mlango mkubwa na dirisha la sebuleni, miwili sakafu ya chumba kimoja. Chumba cha wazazi kilibaki cha udongo miaka sita. Fundi wake, ninavyoambiwa, alikuwa akichota saruji kwa kopo la maziwa, si kwa beleshi. Na hilo nalo ni sehemu ya bei. Bidhaa isipoweza kupanda bei, inashuka ubora. Majengo mengi ya wakati ule yana lipu inayobanduka kwa ukucha, kwa sababu mchanga uliongezwa mpaka saruji ikabaki jina.

Machi 1983 serikali iliamua kwamba tatizo ni walanguzi. Chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ilianza operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na Bunge likapitisha sheria maalumu kuwashughulikia. Mamia walikamatwa. Watu walitupa bidhaa usiku, mabarabarani na mitaroni, wasikutwe nazo. Wapo waliokamatwa kwa haki kabisa, na heshima ya Sokoine kwa wananchi wa kawaida haijafutika hadi leo, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona mkubwa akitetemeka. Lakini tazama tarehe za faili. Barua ya baba ya Septemba 1983, miezi sita baada ya operesheni kuanza, inaomba mifuko 20. Jibu: "Mzigo haujafika." Mlanguzi alikuwa ametolewa njiani, na ghala lilikuwa tupu vilevile. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba sasa hata kwa bei ya kuruka haikupatikana.

Kurudi nyuma kulianza polepole. Bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi, na orodha ya bidhaa zinazopangiwa bei ikaanza kufyekwa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi, iliyokuwa 17 kwa dola mwaka 1984, ikawa 40. Kila kitu kikapanda, na mishahara ya walimu ikabaki ilipo.

Karatasi ya mwisho kwenye faili si barua. Ni risiti ya duka la mtu binafsi, ya 1988, mifuko 12. Bei iliyoandikwa pale baba alikuwa akiitaja kwa uchungu miaka mingi baadaye. Mshahara wa miezi kadhaa ulikwenda siku moja. Lakini tarehe ya kulipa na ya kupokea ni ileile, na hakuna muhuri wa mtu yeyote.

Wapenzi wa soko huria huwa wanaishia hapo wakapiga makofi. Mimi siwezi, maana mwaka 2020 ndio huo, na mimi ni mteja wa soko hilo.

Viwanda vya zamani viliuzwa kwa makampuni ya nje miaka ya 1990, vikaongezeka vingine. Cha Dangote kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya viwanda vyote vitatu vya miaka ya 1980. Kilipoingia, bei ilishuka bila mkuu wa mkoa yeyote kutoa amri, na wenye saruji za Twiga, Simba, Tembo na Nyati wakajikuta wanagombania wenye maduka. Kufikia 2020 uwezo wa viwanda vyote ulikuwa unahesabiwa kwenye makaratasi kuwa zaidi ya tani milioni 10. Basi kwa nini fundi wangu anapiga simu asubuhi?

Kwa sababu uwezo wa kwenye makaratasi haumfikii fundi. Kiwanda kimoja kikubwa kikisimama kwa matengenezo, mikoa inayokitegemea inakauka ndani ya siku chache, maana saruji hailimbikizwi kama mahindi. Inaganda. Mahitaji nayo yalikuwa makubwa: reli ya kisasa na bwawa la umeme la Rufiji vilikuwa vinakula zege usiku na mchana. Halafu kuna barabara. Lori la tani 30 linabeba mifuko 600. Nauli ikipanda kwa shilingi laki sita, kila mfuko umepanda elfu moja kabla mtu yeyote hajala faida. Mwenye duka wa Mwanza anayenunua mzigo uliotoka Mtwara amebeba zaidi ya kilomita 1,600 ndani ya ile bei. Ukimpangia auze kwa bei ya Dar es Salaam, hatauza kwa hasara ili kukupendeza. Ataacha kuagiza.

Na pengine, ndiyo, wapo walioona upungufu wakajiongezea. Silifichi hilo. Soko lenye viwanda vichache, tena kila kimoja na upande wake wa nchi, si soko la ndizi la Mabibo. Ndiyo maana naona swali la Waziri Mkuu, "kwa nini imepanda?", lilikuwa bora kuliko jibu la kijiweni. Swali hilo lina mahali pake kisheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na inaiangalia kwa jicho kali kampuni inayoshika sehemu kubwa ya soko. Meno hayo yalionekana Septemba 2022, Baraza la Ushindani lilipoutengua uamuzi wa Tume ya Ushindani wa kuruhusu wenye Twiga wainunue Tanga Cement. Mpango ulipata njia nyingine mwaka uliofuata, na mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa sawa. Lakini ubishi huo una maana zaidi kwa anayejenga kuliko bei elekezi kumi. Unahusu ni wauzaji wangapi wataamka kesho wakinitafuta mimi.

Mtu ataniuliza kuhusu mafuta ya magari. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo tangu 2009 na vituo haviishiwi kila siku. Kweli, na sababu yake iko wazi: bei ile inasogea kila mwezi, inafuata bei ya dunia na thamani ya shilingi, juu na chini. Ni dari inayotembea na nyumba. Sukari ilipopewa bei elekezi ya shilingi 1,800 mwaka 2016, huku uagizaji ukiwa umezuiwa, dari ilikaa palepale, na sote tunakumbuka jinsi maduka yalivyogeuka kuwa na sukari ya chini ya meza. Mwenye kutaka saruji ipangiwe bei aseme kwanza anataka ipi kati ya hizo mbili, na nani atakayeisogeza, kila baada ya siku ngapi, kwa kila wilaya.

Asubuhi ile, nilipomaliza kuongea na fundi, nilimpigia baba. Nilitaka kulalamika tu, mtoto kwa mzazi wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmefika wapi?"

"Linta. Ila saruji imepanda mno, baba. Elfu tatu kila mfuko, yaani wiki mbili tu."

Akanyamaza kidogo. "Ipo?"

"Ipo, lakini bei yake..."

"Ipo dukani? Umeiona?"

Nikamwambia nimeiona, imepangwa mpaka darini. Akauliza mifuko mingapi inabaki mpaka nifunge mkanda wa zege. Nikasema thelathini, labda na minne. Akauliza kama stoo yangu inavuja. Halafu akaniagiza nitangulize mbao chini, mifuko isiguse sakafu wala ukuta, na nisipange zaidi ya kumi kwenda juu.

Nilitoka nikanunua thelathini na minne, kwa bei ya siku ile.